Mpanda Farasi Aliyeandikwa Mara Mbili

Sijawahi kupanda farasi na sina mpango huo. Lakini niulize rejimenti moja ya wapanda farasi ilifanya nini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, daraja kwa daraja, tope kwa tope, nitakueleza mpaka uombe maji ya kunywa. Elimu hiyo sikuipata chuoni. Niliipata St Marys, kitongoji cha Sydney, Australia, jikoni kwa mzee mmoja wa Kizungu, fundi mstaafu wa vichwa vya treni, huku nikimkorogea uji wa shayiri.

Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Asubuhi nne kwa wiki nilipanda treni Blacktown, nikashuka St Marys, nikatembea dakika kumi na kugonga mlango. Sauti ingetoka ndani: "Ingia, jeshi limeshaamka!" Mzee alikuwa na miaka themanini na sita. Mkewe alishafariki, na macho yake yalikuwa yanaona pembeni tu. Ukimkabili uso kwa uso ulikuwa doa. Binti yake wa pekee aliishi Perth, upande wa pili wa nchi, na alipiga simu kila Jumapili. Mimi nilimwita Mzee. Mwanzoni aliuliza neno hilo maana yake nini, nikamwambia ni heshima. Akasema basi nimwite hivyo hivyo hata mbele ya daktari.

Kila mzee ana lake. Wengine wana paka, wengine wana televisheni, wangu alikuwa na rejimenti. Babu wa baba yake alikuwa mpanda farasi katika vita vile, kabla hajahamia Australia. Kwa miaka thelathini Mzee aliandika barua Marekani kuomba nakala za nyaraka, na kwa kila askari wa rejimenti ile akajaza kadi moja: jina, amezaliwa wapi, kimo, rangi ya macho, kazi yake, aliingia lini na alitokaje. Kadi zilizidi elfu moja, zimepangwa ndani ya maboksi kumi na mawili ya viatu kwenye rafu ya chumba cha nyuma. Alizijua kwa vidole. Unamtajia mtu, anapapasa kidogo, anachomoa kadi, anaiweka chini ya mashine yake ya kukuzia maandishi mpaka herufi moja inajaa kioo kizima.

Kitabu chenyewe cha historia ya rejimenti alishakimaliza kuandika, isipokuwa ukurasa mmoja. Nilikuwa namsomea wakati anakula, ili asikie palipochechemea. Nilitegemea mapanga na tarumbeta. Lo! Mwaka wa kwanza mzima hawakuua hata kuku wa adui. Walikuwa vijana wa mashambani waliopewa farasi ambao hawajawahi kuonja tandiko, na kwa miezi kadhaa kazi yao kubwa ilikuwa kuanguka. Kisha surua ikapita kambini, halafu tumbo la kuhara, likazoa wengi kuliko risasi zote zilizokuja baadaye. Farasi wakafa kwa njaa na kwa kwato kuoza. Mpanda farasi asiye na farasi akapewa nyumbu, na asiye na nyumbu akatembea na tandiko begani, bado anaitwa mpanda farasi. Walilinda reli zao na kung'oa za wenzao. Vyuma wakaviweka juu ya moto wa magogo mpaka vikalainika, kisha wakavizungusha kwenye miti. Hapo Mzee, mtu wa reli maisha yake yote, aliweka kijiko chini.

"Hapo pasome haraka," aliniambia. "Huwa naumia."

Ukurasa uliobaki ulikuwa wa yule babu. Kadi yake ilikuwa na maneno machache: ametoroka, ameondoka na farasi wa serikali. Basi. Sajini wa kombania yake ndiye aliyeandika taarifa. Baada ya hapo hapakuwa na habari yake yoyote, mpaka miaka kadhaa baadaye alipoteremka melini Sydney na mke na masanduku mawili. Katika ukoo hakutajwa. Kabla ya kufunga kitabu chake, Mzee alitaka jambo moja tu: kujua kama alirudi.

Mimi na mdomo wangu nikamwambia, "Mzee, mtu kafa zamani, vita si vyenu, farasi si wako. Kama alitoroka, wewe una hasara gani?"

Akageuza uso pembeni, kama alivyofanya kila alipotaka kuniona. "Nataka kujua kama alirudi," akasema. "Nina sababu zangu."

Nikaenda kuosha sufuria. Mtu mzima hachunguliwi moyoni.

Siku ya kukisoma kitabu mbele za watu ilikuwa imeshapangwa. Kuna kikundi cha wapenda historia ya vita, wazee watupu, wanaokutana mara moja kwa mwezi katika ukumbi wa klabu ya maveterani, ghorofani, juu ya mashine za kamari. Walimpa Mzee jioni nzima kitabu chake kisomwe. Binti yake alishakata tiketi ya ndege. Zilibaki wiki nne, na ukurasa ule bado mweupe.

Sasa nieleze ujinga wangu. Asubuhi moja gari la hospitali lilimchukua kwenda kliniki ya macho, nikabaki nasafisha. Nikaingia chumba cha nyuma na mashine ya kuvuta vumbi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama. Hawakusema nyuma yako iko wapi wakati umeinama. Yangu, ambayo Mungu hakuipimia kwa kijiko, iligonga mguu wa rafu. Rafu ikayumba, ikafikiri kidogo, ikalala. Maboksi yote kumi na mawili yakashuka, na rejimenti nzima ikatawanyika sakafuni, wengine kifudifudi, wengine chini ya kitanda.

Nilikaa chini na kushika kichwa. Halafu nikajiambia, wewe ni mtu wa Tanga, hujawahi kushindwa na karatasi. Maboksi yalikuwa na herufi kubwa ubavuni: A, B, C, mpaka M. Nikasema alhamdulillahi, kumbe ni alfabeti, kazi rahisi. Nikawapanga watu kwa majina yao.

Na jina la mtu, kwetu, ni lile alilopewa siku ya saba. La pili ni la baba yake, la tatu la babu yake. Hapa Sydney kila ofisi ikiniita, anaitwa babu yangu, marehemu aliyeuza chumvi na hakuwahi kuvuka hata Pangani. Mimi ndiye ninayenyanyuka kwenye kiti kwa niaba yake. Basi sikufikiri mara mbili. Nilishika kila kadi, nikatafuta jina la mtu mwenyewe, nikawaweka wenye jina moja pamoja kama darasani. Maboksi yalipoishia M nikaongeza makopo ya biskuti na vyombo vya aiskrimu mpaka Z. Jambo moja tu lilinitatiza: boksi la J halikuwepo. Kuna I, kuna K, katikati hakuna kitu, na majina ya J yalikuwa karibu robo ya jeshi! Nikawatia kwenye kapu la nguo chafu, baada ya kulifuta. Saa tatu nzima nilipanga, na nilipomaliza nilijiona hodari.

Kesho yake nilimkuta Mzee amekaa chumba cha nyuma, kapu la nguo liko mapajani.

"Nani kawagusa?" akauliza. Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

Nikamweleza. Naye akanieleza kwamba herufi zile si alfabeti. Rejimenti ilikuwa na kombania kumi na mbili, kila moja na herufi yake, na J walikuwa wanairuka kwa sababu kwa mwandiko wa mkono inafanana na I. Ndani ya kila kombania watu walipangwa kwa jina la ukoo, kama watu wenye akili timamu wanavyopangwa. Jambo hilo alishaniambia, alisema, na si mara moja. Kweli, alishaniambia. Lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kusikia ni kingine.

"Miaka thelathini!" akasema. "Nani anapanga watu kwa jina la kwanza?"

Hapo na mimi nikawaka. Najua nilikuwa na makosa, lakini sina ulimi wa kuazima. "Watu wote wa kwetu! Nenda Tanga ukamtafute mtu kwa jina la babu yake, uone kama hutaelekezwa makaburini!"

Mdomo wake ulitikisika upande mmoja, nikadhani atacheka. Hakucheka. Akaniambia nimpashie moto uji, na siku ile hatukusoma. Ndani ya treni nilijisikia vibaya mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimechukua jicho la mwisho la kipofu, halafu nikamjibu.

Jumamosi haikuwa zamu yangu. Nilikaanga mahamri, nikapanda treni, nikagonga mlango. "Mzee," nikamwambia kabla hajasema lolote, "kwetu tunasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimekuja kurudisha kila mtu kwenye kombania yake."

Akauliza koleo ni nini. Nilipomweleza, fundi wa vyuma akalainika. Akasema katika karakana yao walivunja koleo nyingi sana, na akafungua mlango.

Tulifanya kazi jioni baada ya zamu zangu na Jumamosi zote. Mimi nasoma kadi, jina na ukoo na kombania, yeye anapapasa boksi lake na kuitia mahali pake. Mahamri yaliisha haraka kuliko kadi. Taratibu hasira zake zikageuka utani. Kwa kuwa wenye jina moja walikuja kwa kundi, alianza kuwakaribisha: "Haya, wengine hao! Mama zao hawakuwa na jina lingine?" Siku ya kapu la nguo alikaribia kuzimia kwa kicheko, kwani walikuja wa jina moja mia na zaidi mfululizo, na kila mmoja nilimsoma kwa sauti ya mwalimu anayeita mahudhurio.

Siku kumi kabla ya mkutano tulifika kwa jina la babu yake. Lilikuwa jina adimu, la nabii mmoja mdogo wa Agano la Kale ambaye, nasikia, hata wachungaji humruka. Katika rejimenti nzima walikuwa watatu tu, nami kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimewaweka bega kwa bega.

Wa kwanza ni babu. Nikasoma haraka haraka ili nisimuumize: macho ya kijivu, fundi mapipa, amekatika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ametoroka na farasi. Wa pili alikufa kwa surua, Mungu amrehemu. Nikachukua wa tatu. Ukoo mwingine kabisa, kombania nyingine, aliingia miezi saba baada ya babu kutoweka. Macho ya kijivu. Fundi mapipa. Amekatika kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto.

Nikaacha kusoma. Nikarudi kadi ya kwanza, nikaja ya tatu.

"Mzee," nikasema, "hawa wawili kawazaa mama mmoja na kawakata kidole siku moja?"

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Kimo kilekile. Kijiji kilekile. Akanyoosha mkono, akazichukua kadi zote mbili. Akaniambia nilete faili la nakala, kabati la chini. Tukazitafuta karatasi mbili za kujiandikisha, tukaziweka chini ya mashine moja baada ya nyingine. Ukoo haukufanana. Lakini sahihi ya jina la kwanza, jina lake mwenyewe, ilikuwa na herufi ya mwanzo yenye mkia uliojikunja kama mkia wa kinyonga, hapa na hapa. Ukoo aliuacha huko alikotorokea. Jina lake alishindwa kuliandika kwa mkono mwingine.

Miaka thelathini watu hawa wawili walikaa maboksi matano mbali. Mzee alizijaza kadi zao kwa miaka tofauti, na hakuwahi kuwaona wamesimama pamoja.

"Alirudi," akasema. Akalirudia neno hilo mara tatu au nne. Nami nilikuwa nalia waziwazi, sioni aibu kusema, na nilimshika Mzee kichwa nikambusu kwenye upara.

"Ngoja, ngoja," nikasema, "haijaisha. Hapa chini imeandikwa: amekuja na farasi wake mwenyewe, wa rangi ya kahawia, doa jeupe usoni."

 Mzee akaomba nimsomee farasi wa serikali aliyepotea alikuwa wa rangi gani. Kahawia, doa jeupe usoni. Basi! Alicheka mpaka nikamletea maji, akacheka na maji yakamtoka puani. "Jambazi! Kawarudishia farasi wao kama wa kwake!"

Tulipochoka kucheka nikauliza swali lililokuwa linaniwasha. Rejimenti moja, watu walewale, wamelala naye hema moja, wameugua naye. Anarudi na jina la bandia juu ya farasi yuleyule. Hakuna hata mmoja aliyemtambua?

 Mzee aliniambia nimtafutie kadi ya sajini aliyeripoti utoro ule. Ilikuwa bado haijarudishwa, iko kwenye kopo la biskuti. Nikaisoma: sajini, kombania ya B, baadaye akapandishwa cheo kuwa luteni na kuhamishiwa kombania ya G. Kombania aliyorudia babu ilikuwa ya G. Na chini ya karatasi ya pili ya kujiandikisha, mahali pa ofisa aliyempokea, jina ni la luteni huyohuyo.

"Alijua," Mzee akasema. "Wote walijua." Kisha akainuka, akapapasa ukuta mpaka jikoni, na kwa mara ya kwanza akanipikia chai yeye. Ilikuwa mbaya sana na niliinywa yote.

Siku ya mkutano binti yake alifika, mama wa miaka sitini hivi, mrefu, mwenye sauti ya kutoa amri. Mimi nilivaa kitenge na mtandio wangu wa Idi. Kulikuwa na wazee kama thelathini, chai, na keki zilizoviringishwa kwenye chenga za nazi. Kwa kuwa Mzee hakuweza kusoma, aliwaambia msomaji ni mimi. Basi nikasimama mbele ya maveterani wa Australia, nikawasomea vita vya Wamarekani kwa Kiingereza changu cha Tanga, na walipocheka kwenye nyumbu nilijua tumewapata. Kwenye reli nilisoma haraka.

Ukurasa wa mwisho Mzee alitaka kuusema mwenyewe. Akasimama, ameshika mgongo wa kiti. Akawaeleza yote bila kupamba: babu alitoroka, aliiba farasi, alirudi kwa jina la uongo, na sajini aliyemwandika mtoro ndiye aliyemwandika tena kama mtu mpya. Alipigana mpaka vita vilipokwisha na akaachiwa kwa heshima. Ukumbi ulipiga makofi. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kukusanya karatasi.

Hakukaa. Aligeuza uso pembeni, akawa anamtazama binti yake kwa ile sehemu ya jicho iliyobaki.

"Niliitaka sana habari hii," akasema, "kwa sababu na mimi niliondoka. Ulikuwa na miaka tisa. Miezi mitano. Mama yako alikwambia nimepelekwa kujenga reli jangwani, na niliporudi alinifungulia mlango akaniuliza kama nimekula. Hatukulizungumza tena, mpaka kafa. Sikuwa jangwani, mwanangu. Nilikuwa nimewatoroka."

 Nilitaka kumkimbilia.

Binti yake alikuwa ameshainuka. Alikuja mpaka mbele, akamshika mkono, na ile sauti ya kutoa amri haikuwepo kabisa.

"Najua, Baba," akasema. "Viatu vyako vya kazi vilikuwa nyuma ya mlango miezi yote mitano. Mimi ndiye niliyekuwa navipiga kiwi kila Jumapili, ukirudi uvikute tayari."